Ng'ombe wa Hermani Hawakutoka

Hermani wa Endagikot alikuwa mtu wa maneno machache hata siku ya harusi yake. Mkewe Agatha alizoea kumwelewa kwa kutazama mikono yake. Safari hii mikono haikumwambia kitu.

Binti yao Marieta alipatikana kwa msaada wa hospitali moja ya mjini, ambako madaktari walikutanisha mbegu za baba na mama ndani ya chombo. Viinitete vingine, yaani mbegu zilizokwisha kuungana, vilibaki, vikahifadhiwa kwenye baridi kali. Sasa Agatha alishaambiwa asibebe mimba tena. Daktari Mectilda akawaita na kuwauliza: viachwe viishie, au wapewe watafiti wanaotafuta kwa nini mimba nyingi huharibika mapema? Aliwaeleza bila kuficha kwamba havitakuwa watoto kamwe, kwamba haviuzwi, kwamba hakuna atakayevigusa bila kibali cha kamati ya maadili, na kwamba wangeweza kubadili mawazo kabla kazi haijaanza.

Agatha, ambaye mimba zilimharibikia mara mbili kabla ya Marieta, alisema watafiti wapewe. Hermani akaitikia kwa kichwa, akasaini.

Njia nzima ya kurudi Agatha alilia kimya. Uamuzi haukumuuma. Kilichomuuma ni ule wepesi wa kalamu ya mumewe.

"Kwako vilikuwa kama mbegu ya mahindi iliyobaki kwenye debe," alimwambia walipofika.

Hermani akachukua mundu, akaenda kuunoa.

Asubuhi ng'ombe walilia zizini. Jua likapanda, hawakufunguliwa. Hermani alikuwa anakata majani kingoni mwa shamba na kuwabebea. Jirani yao Qamara akaja hadi mfereji wa mpakani, akitaka kuazima plau.

"Ng'ombe wako wanafunga Kwaresima?"

"Usivuke mfereji, kaka," Hermani alisema. "Nyumba hii imepoteza."

Qamara akavua kofia. Wazee wao walifanya hivyo mimba ilipoharibika: nyumba ilijitenga, mifugo haikuchanganyika malishoni, wala watu hawakuazimana kitu. Siku hizi wengi wameacha.

"Mpe pole Mama Marieta," alisema, akarudi alikotoka.

Agatha alisikia yote akiwa mlangoni. Mara mbili zile pia, Hermani alifunga ng'ombe hivi hivi, bila neno. Alichukua mundu wake, akamfuata.

"Hapa umeruka majani mazuri," akamwambia, akainama kukata kando yake.