Tangi la Kioo Tulilolileta Badala ya Friji

Mume wangu alitutuma tukanunue friji. Yeye alikuwa zamu mgodini, upande wa Geita, na alikuwa amesikia kwamba gesti moja hapa Kahama inauza vitu vyake, maana wageni walipungua tangu kazi za mgodi wa Buzwagi zilipokwisha. Mama yake alikuwa kwangu, amekuja kutoka Ushetu kupimwa macho. Akasema hawezi kushinda ndani kama mwali, basi tukaenda wote.

Friji ilikuwepo na ilikuwa nzuri tu. Ila kuifikia ilibidi tupite ukumbini, na ukumbini, nyuma ya rundo la magodoro, nikaliona tangi la samaki. Lilikuwa refu kuliko mimi. Kioo kimeganda ukijani, kifuniko kimevunjika, na ndani yamebaki maji ya shubiri mbili hivi, meusi, yananuka kama lambo la ng'ombe wakati wa kiangazi.

"Lilikuwa la urembo," mwenye gesti akaniambia. "Samaki walishakufa siku nyingi. Ukilitaka lichukue kwa bei ya friji hiyo hiyo, na meza yake ya chuma nakupa."

Mimi sijawahi kufuga hata kuku. Lakini niliinama, nikasugua kioo kwa pindo la kanga mpaka nikapata mahali peupe pa ukubwa wa sahani, na hapo kikapita kitu. Kwanza sharubu, halafu kichwa bapa, halafu mwili mweusi uliopita na kupita kana kwamba hauna mwisho.

"Mama," nikasema, "humu kuna mtu."

Mama mkwe alisogeza uso mpaka pua ikagusa kioo. "Kambale," akasema baada ya muda. "Wenzake wamekufa, yeye yupo." Nikaona mabega yanamtikisika. Alikuwa anacheka. Miaka yote niliyoolewa nilikuwa nampigia goti, namwamkia, namtengea chakula na kuondoka zangu. Sasa tulikuwa tumeinama kichwa kwa kichwa kwenye kioo kichafu, tunacheka hata hatujui tunacheka nini.

"Tuchukue friji?" nikamuuliza.

"Yaya," akajibu. Kwa Kisukuma hiyo ni hapana, na ya mama mkwe haikatiwi rufaa.

Wanaume wanne walilipandisha tangi kwenye guta. Kambale alisafiri kwenye ndoo, ndani ya maji yake yale yale, na mama mkwe aliipakata njia nzima. Kila tulipofika kwenye shimo alimgonga dereva begani: "Taratibu, baba, tuna mgonjwa." Nyumbani tangi lilikataa kupita mlangoni, tukang'oa mlango.

Nilijifunzia ufugaji kwenye simu, nikiwa na mikono iliyolowa. Nikajua kwamba sabuni inaua samaki, kwa hiyo tukasugua kwa siki na chumvi, na palipokuwa sugu tukakwangua kwa wembe. Nikajua kwamba maji ya bomba yana dawa, lazima yakae kwanza, basi ndoo, madumu na masufuria yote yakajaa maji yaliyokaa. Tulipolijaribu tangi, likavuja kwenye kona. Fundi vioo akaja, akakwangua gundi ya zamani, akapaka mpya, akatuambia tusiliguse kwa siku mbili.

Mume wangu akapiga simu. "Vipi, inagandisha?"

"Bado tunaisafisha," nikasema. Mama mkwe akajaza kanga mdomoni na kukimbilia jikoni.

Kambale tulimweka kwenye beseni, tukafunika kwa ungo. Asubuhi ya pili nilikuta ungo uko sakafuni na beseni halina mtu. Tulimkuta chini ya kabati la vyombo, anatambaa kwa mapezi kama mwenye safari yake. Mama mkwe akamtupia kanga, akateleza. Nikamdaka, akateleza, nikakaa chini kwa kishindo. Tulicheka mpaka jirani akaja kuuliza kama tumepata msiba, maana alidhani ni kilio.

Siku tuliyomtia kwenye tangi safi, alilala chini kwanza bila kutikisika. Kisha akajinyoosha urefu wake wote, akaogelea mpaka mwisho wa kioo, akageuka, akarudi. Nadhani alikuwa hajageuka hivyo siku nyingi. Akapanda juu, akavuta pumzi moja ya hewa, akashuka. Mama mkwe, ambaye siku hiyo alikuwa amepewa miwani, alimtazama mpaka chai ikapoa. "Kumbe kidevuni ni mweupe," akasema.

Nilitamani kumwongezea samaki wadogo wa rangi. Nikampigia muuzaji mmoja wa Mwanza, naye akaniuliza ndani kuna nani. Nilipomwambia, akacheka. "Dada, ukimwekea hao utakuwa umempikia." Basi akabaki peke yake, mwenye nyumba.

Mwisho wa mwezi mume wangu akaja likizo. Alisimama mlangoni na begi mkononi, akaangalia tangi, akaniangalia mimi, akamwangalia mama yake.

"Friji iko wapi?"

"Keti kwanza, baba," mama yake akamwambia.

Aliketi na buti zake za kazini. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi, nimeyapanga tangu asubuhi. Yeye akawa anamfuata kambale kwa macho, kulia, kushoto, mpaka kambale akapanda kuvuta hewa na kumrushia tone la maji kwenye paji la uso. Akajipangusa. Akainuka, akatoka uani. Mimi na mama mkwe tukatazamana.

Aliporudi alikuwa amekunja ngumi. Akaifungua mbele yetu: minyoo, na udongo wa migombani.

"Namwekea yote, au mmoja mmoja?" akauliza.

"Mmoja mmoja," mama yake akasema, akasogea ili ampishe kwenye mkeka.