Mtoto wa Jiwe Mgongoni

Wiki iliyopita fundi anayenijengea choo alikuja na jiwe mkononi akaniuliza, "Bibi, na hili niliweke kwenye msingi?" Alikuwa amelikuta nyuma ya zizi, kuku wanalikalia. Jiwe jeusi, refu kama mkate, upande mmoja umelika vibaya. Nikamwambia aliweke chini kwanza. Akaliweka, akarudi kwenye mchanga wake, na mimi nikakaa nalitazama mpaka chai yangu ikapoa.

Wewe tumezoeana, utanivumilia. Mimi shule niliishia darasa la tatu, nikianza jambo huwa sifiki moja kwa moja, napitia kwa majirani.

Zamani hapa kwetu Nyansurura kila nyumba ilikuwa na mawe mawili ya kusagia. La chini, kubwa, lenye bonde katikati, tuliliita mama. La juu, la kushika mkononi, tuliliita mtoto. Mama hahami. Mtoto anakwenda na kurudi juu ya mgongo wa mama yake kutwa nzima, na ulezi unatoka mbele unga. Asubuhi ulikuwa huamshwi na jogoo, uliamshwa na sauti ile, grru, grru, nyumba hii na ile, na harufu ya ulezi ukipata moto. Bibi yangu, mzaa baba, alikuwa anasaga huku amefumba macho. Alisema, "Nyumba isiyosaga, wageni huijua kabla ya wenyewe." Na mwanaume hakugusa mawe yale. Angeweza kuchinja ng'ombe, angeweza kulala porini na simba, lakini kushika jiwe la kusagia, hapana.

Basi, miaka ile dhahabu ikaanza kuita watu. Ng'ambo ya Mto Mara, kwenye vilima vya upande wa Tarime, watu walichimba kama fuko. Wanaume walishuka mashimoni, wakapandisha mawe, wakayaponda kwa nyundo. Halafu wanawake wakayasaga yawe laini kama unga, ndipo yaoshwe. Na mwanamke wa kwetu atasaga na nini? Na kile anachokijua. Mama yangu akafunga nguo zake, akamtoa mtoto wa jiwe mgongoni kwa mama yake, akamwambia bibi, "Wiki mbili tu. Nipate bati, tuache kuvujiwa." Baba wakati huo alikuwa kwa ndugu zetu Kenya, anakata miwa, na alikuwa hajaleta neno muda mrefu.

Wiki mbili zikawa palizi, palizi ikawa mavuno. Ulezi ukaingia ghalani, na sisi hatuna cha kusagia. Bibi akawa ananituma kwa jirani kuomba jiwe lake. Jirani yule alikuwa na mdomo! Alinipa, lakini kila siku na wimbo wake: "Ehe, wakwe wa mchimba dhahabu wamekuja. Mwambie bibi yako asage kwa dhahabu basi, si zipo?" Bibi alisaga, akalifuta jiwe la watu, akanituma nilirudishe.

Siku moja akamwita mjomba wangu, kaka yake mama, akamwambia aende machimboni alete jiwe. Mjomba akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mama, mimi nipite vilima vyote vile na jiwe la kusagia? Si nitaimbiwa mpaka Sirari?"

"Basi kamlete dada yako."

"Dada yangu haletwi. Unamjua."

Bibi alimjua. Ndiyo maana alitaka jiwe. Alikuwa na hesabu yake, nimeielewa nikiwa mkubwa: mwanamke akinyang'anywa kazi, atafuata njia ya nyumbani mwenyewe, bila kubembelezwa na mama mkwe. Akanitazama. Nilikuwa na miaka kumi na moja hivi. Akaniambia, "Utaenda wewe. Usiseme maneno mengi. Ukiulizwa umetumwa nini, sema jiwe."

Nikatoka alfajiri na kibuyu cha maziwa ya mgando na viazi viwili. Peke yangu. Sijawahi tena kutembea hivyo maishani, ingawa nimezunguka. Umande ulinilowesha mpaka magotini. Mtoni kulikuwa na mzee mwenye mtumbwi, akanivusha bila kuniuliza, ila aliniambia nisitie mkono majini. Baada ya mto ni kupanda. Kilima hiki unadhani ndicho cha mwisho, unafika juu, unakuta kingine kimekaa kinakungoja. Migomba, kahawa, moshi unatoka kwenye nyasi za mapaa, ng'ombe wanalia mbali chini kama wako kisimani. Baridi ya juu kule ilikuwa na harufu ya majani yaliyochomwa. Lori la wachimbaji likanipita, wakapiga kelele, "Dada, unakwenda kuolewa bila mahari?" Nikawarushia udongo, ukanirudia mwenyewe.

Nikasikia machimbo kabla ya kuyaona. Nilitegemea sauti ya mawe ya kusagia, nikasikia mngurumo wa mashine.

Mama alikuwa amesimama kwenye maji ya matope, anaosha mchanga juu ya ubao uliotandikwa gunia. Alikuwa wa kijivu, nywele, kope, yote. Nilimpita mara mbili. Wanawake wenzake wakacheka: "Wewe, mwanao huyo anakutafuta na wewe unamwangalia kama mteja!" Nikamwamkia shikamoo. Akaitika, akanipangusa uso kwa mkono uliokuwa mchafu kuliko uso wangu. Akaangalia nyuma yangu kuona nimekuja na nani.

"Uko peke yako?"

"Ndiyo."

Kisha akaniuliza, na maneno haya ndiyo niliyoyabeba: "Bibi yako amekutuma jiwe, au amekutuma mimi?"

Nami moyoni nilikuwa nimetembea vilima vile vyote kwa ajili yake. Jiwe sikulitaka hata kuliona. Lakini nilikuwa nimefundishwa jibu. Nikasema, "Jiwe."

Akacheka kidogo, cheko la mtu aliyekanyaga mwiba. Akanipeleka kwenye kibanda chake. Mtoto wa jiwe alikuwa nje, amewekwa juu ya turubai lisipeperuke na upepo. Mwenye mashine alikuwa ameleta karasha, ile ya kusaga mawe kwa dizeli, na tangu siku hiyo hakuna mwanamke aliyesaga kwa mkono. "Lichukue tu," akasema, "halina kazi hapa." Akaokota jiwe jingine, akaliweka juu ya turubai.

Unaona hesabu ya bibi ilivyoanguka.

Nililala kwake usiku ule, nimembana. Asubuhi akanifungia ugali kwenye jani, akasimama njiani akinitazama. Mtu akamwita, akageuka.

Jiwe lile uzito wake ni wa mtoto wa miezi minne, mitano. Nililiweka kichwani juu ya ngata, shingo ikagoma. Nikalishika mikononi, likanikata vidole. Mwishowe nikalifunga mgongoni kwa kanga, kama mtoto kweli, na hapo tukaelewana. Mwanamke mmoja aliyekuwa anaanika mihogo akaniita: "We binti, mfunike mtoto kichwa, jua kali!" Nikaona haya kumwambia ni jiwe. Nikalifunika. Nikatembea hivyo mpaka mtoni, nalipigapiga kwa nyuma taratibu. Mzee wa mtumbwi hakudanganyika, alitazama jinsi kanga ilivyovutwa akasema, "Huyo wako anashiba kuliko wote." Nikalia, sijui kwa nini hapo na si kwingine. Akanivusha.

Bibi alilipokea jiwe, akatazama njia nyuma yangu muda mrefu. "Ulimwambia nini?" Nikamwambia. Akatikisa kichwa kukubali. Nilikuwa nimefanya alivyosema.

Halafu maisha yakaendelea, na hapo ndipo palipo pachovu, kwa sababu hapana hadithi. Jiwe lilikuwa limelika kwa mawe ya dhahabu, halikukaa tena kwenye bonde la mama yake. Lilikwaruza. Unga ukatoka na mchanga. Tulikula ugali ule mwaka mzima, ukitafuna unasikia krr ndani ya kichwa. Mjomba alisema sisi ndio matajiri wa Nyansurura, kwamba asubuhi tusikimbilie porini hovyo, tutaipoteza dhahabu tuliyoila. Bibi alicheka na wengine. Lakini kulitumia jiwe la jirani alikataa. Kila asubuhi, grru, krr. Nilikwenda kisimani, nikachunga mbuzi, nikapalilia, na kila lori lililopita nilisimama.

Mama alirudi mavuno ya pili, na bati kweli, na kifua kibovu. Hakuna aliyemuuliza kitu. Bibi alimsogezea ungo wa ulezi, naye mama akapiga magoti kwenye jiwe, akasaga mikono mitatu, minne, akakohoa, akapumzika. Tukaezeka. Mvua ikapiga bati kwa kelele hata hatukusikizana, na huko chini mama anakohoa. Baadaye ikaja mashine ya kusaga unga senta, mawe yakanyamaza moja moja. Mama wa jiwe alipasuka, mtu akamtia kwenye ukuta wa zizi. Kile kilima cha machimbo nimeambiwa hakipo tena, ni shimo lenye uzio.

Kabla mama hajafariki nilimuuliza. Nilikuwa na watoto wangu tayari, na bado neno lile moja lilinilaza vibaya. Kama ningesema, "Nimetumwa wewe." Nikamkumbusha siku ile, swali lake, jibu langu.

Akafikiri, mkono kifuani. "Nilikuuliza hivyo?" akasema. "Sikumbuki, mwanangu. Nakumbuka ulikuwa na malengelenge mguuni. Nilitaka nikufuate mpaka mtoni, mwenye karasha akaita."

Basi. Mzigo wote ule, na mwenzangu hakujua hata kama upo.

Jioni fundi akaja kuuliza tena. Nikamwambia atafute mawe mengine, mlimani yamejaa. Akasema, "Bibi, jiwe ni jiwe." Ni kweli, sikubishana naye. Nililiinua mwenyewe, polepole kwa huu mgongo wangu, nikajikuta nimelipakata. Nikalirudisha nyuma ya zizi. Kuku walikuwa wanalingoja.