Rangi Isiyokauka

Bwana Shauri, Mjerumani aliyeamua mashauri bomani, aliponiuliza kama meli itakuwa tayari kwa sikukuu ya mfalme wao, ilinipasa kusema hapana. Nilisema, "Itakuwa tayari, Bwana, tena mapema."

Ilikuwa wakati wa vita vya Wajerumani na Waingereza. Meli yenyewe ilikuwa ya mti, ndefu kama mkono wangu, mfano wa manowari za zamani za kwao zilizokwenda kwa matanga, yenye milingoti mitatu na matundu ya mizinga ubavuni. Alinipa picha aliyoikata gazetini, nikaifuata. Useremala nilijifunza shuleni pwani, na katika boma la Dodoma nilikuwa Mgogo pekee aliyewahi kuiona bahari. Jambo hilo lilinipa kiburi kuliko ilivyostahili.

Mpishi wa boma, Mnyamwezi, hakuniacha. "Mtani, mito ya kwenu ni mchanga mtupu mwaka mzima. Hiyo meli itapita wapi?"

"Itabebwa na Wanyamwezi," nilimjibu. "Si ndio mmezoea mizigo?"

Tulicheka. Mimi nilicheka kwa sababu nilikuwa salama. Askari walikuwa wakizunguka vijijini kukamata vijana wa kubeba mizigo ya jeshi, na wengi hawakurudi. Bwana Shauri aliwaamuru wasiniguse mimi wala mdogo wangu mpaka meli iishe.

Mdogo wangu nilimleta mwenyewe. Alikuwa msusi. Vijana wa kwetu walimjia awasuke nywele ndefu, nyembamba, kisha azipake ngeu, udongo wetu mwekundu. Vidole vile ndivyo vilivyosokota kamba zote za meli. Alisuka, akafumua, akaanza upya.

"Harakisha bwana," nilimwambia.

"Niharakishe kwenda wapi, kaka?"

Nilidhani ni mzaha wake tu.

Ikafika kazi ya rangi. Sehemu ya chini ilitakiwa iwe nyekundu, na madukani rangi haikuwepo kwa sababu ya vita. Mdogo wangu akaleta ngeu, akaichanganya na samli kama afanyavyo kwa nywele, akapaka vizuri kabisa. Siku zikapita na rangi bado inanata. Vumbi la Dodoma likaganda ubavuni, meli ikaonekana kama mnyama mwenye manyoya.

"Umeiharibu! Samli haikauki kwenye mti."

"Najua haikauki."

Nikamtazama.

"Kaka, nisuke nywele miaka yote hii nisiijue samli? Iache inate. Bwana akija, mwambie rangi mbichi. Akirudi, bado mbichi. Na vita navyo vitachoka."

"Na sikukuu? Nimeshamwahidi."

"Umeahidi wewe. Meli ikiisha, wewe ni fundi, watakutafutia milango ya kutengeneza. Mimi watanitafutia mzigo."

Alisema waziwazi hivyo, kwa hiyo siwezi kudai kwamba sikuelewa. Lakini nilichokiogopa mimi ni aibu ya kumwonyesha Mzungu kazi yenye vumbi. Niliifuta rangi ile kwa majivu na maji ya moto. Kisha nikaenda kwenye karakana ya reli, nikamwomba fundi wa kupaka mabehewa rangi mafuta yake yanayokauka, nikayachanganya na ngeu ileile. Ikakauka, ikang'aa. Mdogo wangu alikaa mlangoni akinitazama, asinizuie.

"Imependeza, kaka," alisema. Mpaka leo sijui alinisifu au alinisuta.

Siku ya sikukuu Wazungu waliizunguka mezani, wakapiga makofi. Bwana Shauri akanishika bega mbele ya askari. Hapo nikamwomba amwache mdogo wangu abaki bomani.

"Meli imekwisha," alisema, kwa Kiswahili fasaha kabisa. "Wewe una kazi. Yeye ana kazi gani?"

Ningeweza kusema kamba hulegea kwa jua, kwamba zinahitaji mtu wa kuzikaza kila mara. Lilikuwa jambo la kweli, na jibu hilo nilikuwa nalo mdomoni. Nikanyamaza, nisimchukize siku aliyonisifu.

Walimchukua juma lilelile, na kreti ya risasi kichwani. Mpishi hakunitania tena. Alinipa pole tu. Baadaye alirudi mmoja wa wapagazi waliokwenda pamoja naye, akasema kwamba mdogo wangu alishikwa na kuhara damu huko kusini, akashindwa kutembea, akaachwa kando ya njia. Alikuwa hai walipomwacha. Hakuna aliyemzika.

Nilipompelekea mama habari hizo, hakulia mbele yangu. Mdogo wangu alikuwa amemweleza yote kabla hajachukuliwa.

"Ile rangi uliifuta wewe?" aliuliza.

"Ndiyo, mama."

Aliingia ndani. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na hakunipikia tena wala kuniita mwanangu. Nilikuwa na ndugu mmoja tu, na mama. Niliwapoteza wote wawili kwa sababu nilitaka kusifiwa na Bwana Shauri.