Mlango wa Chuma wa Dobi

Katika miaka kumi na minane ya ndoa, dobi wa zahanati alikuwa ameshavunjwa na mumewe meno mawili na ubavu mmoja. Hata alipomfukuza hakupata nafuu. Mwanamume alirudi kila alipojisikia. Teke moja kwenye mlango wa mbao, yumo ndani. Milango mitatu ilikwenda hivyo.

Ndipo, ili atiliwe mlango wa chuma, akamwita fundi wa kuchomelea, mzee mwenye kigugumizi waliyemwita Cheche. Cheche akaupapasa ukuta, akaguna.

"Nilipe kwa siku, dada. Ukuta huu si-siujui undani wake."

"Kwa siku utazeekea hapa. Nitajie bei ya kazi nzima, nijue mwisho wangu. Chuma nanunua mwenyewe."

"Na ukuta uki-ukibomoka?"

Dobi akaona mzee ana haki. Wakapatana: ufundi bei moja, ilipwe kwa mafungu matatu. La kwanza kazi ikianza, la pili fremu ikisimama, la tatu kufuli likifunga. Likizuka jambo lisilo kosa la fundi, kazi isimame kwanza, waelewane bei yake. Wakaandika, wakatia sahihi.

Siku ya pili, saa nane mchana, fremu ilisimama. Dobi alikuwa akitoa fungu la pili mumewe alipoingia uani na nondo mkononi.

"Unanifungia nyumba yangu?"

Pigo la kwanza lilimpata dobi mkono wa kulia. Mfupa ukaalika kama kijiti. La pili likatua kwenye fremu, ikapinda. Cheche akamrukia, akapigwa kichwani, akaenda chini, damu ikamjaa macho. Mume akainua nondo tena, juu ya utosi wa mzee.

Dobi hakuwaza. Akaokota kwa mkono wa kushoto kipande cha chuma kilichotoka kukatwa, kingali cha moto, akamkandamizia shavuni. Ngozi ikaungua, na kiganja cha dobi pia. Mume akapiga yowe, nondo ikamponyoka. Majirani wakamvamia kwa mateke na matofali, mpaka dobi mwenyewe akawalilia waache, wataua. Polisi wakamzoa.

Cheche alirudi baada ya siku nne, kichwa kimefungwa bandeji.

"Fremu n-nitainyoosha bure. Umeniokoa roho."

"Karatasi inasemaje? Si kosa lako. Taja bei."

Mzee akataja ya nusu siku. Dobi akalipa, na kufuli lilipofunga akamalizia fungu la tatu.

Miezi miwili baadaye mume akaachiwa. Alikuja asubuhi, akaupiga mlango kwa teke, kwa bega, kwa jiwe. Vumbi likamwagika kutoka darini. Dobi alisimama ndani, mkono umeunga kombo. Chuma hakikutikisika. Mwanamume alipochoka akakaa kizingitini, akaanza kulia, akaomba maji ya kunywa.

Dobi akawapigia simu polisi. Kisha naye akakaa sakafuni akalia, kila mmoja upande wake.