Ukifika kwa Watu, Shuka Garini

Mwanangu, ipo siku moja ambayo nikiikumbuka mpaka leo naona aibu, nayo ndiyo nitakayokuhadithia kabla hujaondoka. Nimeliona gari lako. Mafundi wako wa Wadi Kabir wamefanya kazi nzuri: vitanda, jiko, friji, mapazia, na ile meza inayokunjwa nimeipenda. Unasema wewe na wenzako mtakwenda mpaka Salala, na njiani mtawapitia jamaa wote, na hamtamsumbua mtu kwa sababu kila kitu mnacho wenyewe. Neno hilo la mwisho ndilo lililonifanya nikuite. Na mimi niliwahi kulisema, kwa maneno hayo hayo, na gari kama hilo nilikuwa nalo.

Mama yako hajakusimulia kisa hiki. Jana nilimpigia simu kumwomba ruhusa. Akasema, "Mwambie, Kaka. Ila usijipunguzie makosa." Basi sitajipunguzia.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, wewe hujazaliwa. Nilikuwa na kazi ya serikali kule Salala, nimeoa mwaka mmoja tu nyuma, na kichwa kilikuwa kimenivimba. Mhandisi mmoja wa kigeni alikuwa anarudi kwao, akaniuzia gari lake la kulala, karavani tukiliita. Lilikuwa na vitanda vitatu. Kishike hicho kitanda cha tatu, tutakirudia. Nililiosha kila siku gari lile, na kila aliyepita nilimfungulia mlango aone.

Likizo ilipofika nikamchukua mkaza mjomba wako, Asya, tukaja Maskati kutembelea watu. Siku ya kwanza tuliegesha Khuwair ya Kusini, nje ya jengo la rafiki yangu Seif. Alitukaribisha tulale ndani, nikamkatalia, nikamwambia tusimsumbue. Seif ni mtu wa mzaha, akacheka. "Umekuwa kobe siku hizi, nyumba unaibeba mgongoni!" Nikadhani kila mtu atalichukua jambo lile kama Seif alivyolichukua.

Asubuhi Asya aliponiona nakaanga mayai na kuchemsha kahawa, aliniambia, "Said, leo tunakwenda kwa wakwe zake Salma. Tusile kwanza." Salma ni mama yako, sina haja ya kukwambia. Nikamjibu kwamba watu wana shughuli zao, na mgeni mwenye adabu hawaongezei kazi. Nilikula mayai matatu na kunywa vikombe vinne vya kahawa, nikajiona nina adabu kuliko watu wote wa Maskati.

Sasa nisikilize vizuri. Baba yetu alikuwa amekwishafariki, na mimi ndiye niliyesimama kumwozesha mama yako. Kwa hiyo kwa wakwe zake sikuwa kaka tu. Kwao Salma kulikuwa ni mimi. Na kulikuwa na jambo jengine, lazima niliseme ingawa linanitia haya. Sisi tumetoka Unguja, na wazee wa baba yako wametoka Tabora. Nyinyi vijana wa leo hata hamuulizani, lakini zamani wapo wazee wetu waliokuwa wakijiona. Ndoa ile ilipoposwa, bibi mmoja wa upande wetu aliuliza mbele za watu kama huko bara wanajua kupika. Neno likasafiri mpaka Ghubra, nyumbani kwa wakwe zake. Bibi yako Zuwena, mama wa baba yako, alilisikia, akalimeza, akamwoza mwanawe hivyo hivyo.

Tulifika Ghubra saa nne za asubuhi. Babu yako Khalfan alikuwa amesimama langoni na mikono ameinyoosha. Mimi nikaliegesha gari pale pale mbele ya lango, nikashuka, na kabla sijamaliza salamu nikasema, "Ami, msihangaike na sisi. Chakula chetu tunacho, maji tunayo, na kulala tutalala mumu humu."

Babu yako aliyatazama mapazia, akanitazama mimi. "Karibuni ndani, baba," akasema.

Asya akaenda ukumbini kwa wanawake, mimi nikaingia majlisi, kwenye baraza la wanaume. Tende zilikuwa tayari, na halua, na birika la kahawa. Baba yako Nassor akanimiminia mwenyewe. Nikakipokea kikombe, nikakiweka chini juu ya zulia, nikaanza kuzungumza.

Wewe umekulia hapa, unajua. Mgeni akikiweka kikombe bila kukinywa, basi ana neno. Amekuja na dai zito, na hanywi mpaka asikilizwe. Nami nilijua pia, si kwamba sikujua. Lakini tumbo langu lilikuwa limejaa kahawa yangu, na akili yangu ilikuwa nje, kwenye gari. Nikawaeleza habari za tangi la maji na jenereta. Niliona wamenyamaza, nikadhani wanastaajabu.

"Vitanda vingapi?" baba yako akaniuliza.

"Vitatu," nikasema, nimejaa fahari.

"Na nyinyi ni wawili."

"Sisi wawili tu."

Akakitazama kikombe changu.

Jambo nisilolijua ni hili. Wiki moja kabla, baba yako na mama yako walikuwa wamekosana. Miaka mitatu ya ndoa, mtoto hakuna, na maneno ya watu hayana likizo. Katika hasira baba yako akamwambia, "Kama umechoka, kwenu unakujua." Mama yako akampigia simu mama yetu, akalia. Baadaye wakazungumza wenyewe, baba yako akamwomba radhi, wakapatana. Mama yetu alinificha yote, alijua hasira zangu. Lakini pale Ghubra hapakuwa na mtu aliyejua kwamba mimi sijui. Walimwona kaka aliyetoka Salala amekuja na mkewe, kama watu wanavyokwenda kumchukua binti yao kwa heshima. Kahawa haigusi, kulala ndani hataki, na garini ana kitanda kitupu. Aliyekuja kukipokea kikombe kile mlangoni, kimejaa vile vile, alikuwa mama yako.

Chakula cha mchana kikaletwa. Bibi yako alikuwa jikoni tangu alfajiri: wali wa nazi, nguru wa kukaanga, na ndizi za nyama alizozipika kama zinavyopikwa kwao. Nikaweka mkono kifuani.

"Tumekwisha kula, Bi Zuwena. Bora mngetuuliza kabla ya kujitaabisha."

Alikuwa amesimama mlangoni. "Kwani chakula chetu hakiliki?" akauliza, taratibu kabisa.

Nikacheka. Mwanangu, nilicheka, nikidhani ananitania. Sinia likarudi jikoni kama lilivyokuja, nami nikamwita Asya tukapumzike garini. Alitoka amenuna, akalala uso ukutani. Nikawasha jenereta kwa ajili ya kiyoyozi, ikanguruma pale langoni mtaa mzima ukasikia.

Alasiri nilikwenda msikitini na babu yako na baba yako. Tulikwenda kimya, tukarudi kimya. Hapo ndipo nilipoanza kuhisi kitu, kama mtu anayesikia harufu ya kuungua na haoni moto. Tulipofika langoni Asya alikuwa amesimama nje ya gari, mkono mdomoni. Nikafungua mlango. Mama yako alikuwa amekaa juu ya kitanda cha tatu, amevaa buibui, sanduku lake la kijani liko magotini, na machozi yanamtoka bila sauti.

"Twende basi, Kaka," akasema.

"Twende wapi?"

"Kwetu. Si mmekuja kunichukua? Mie nilishasamehe. Nilitaka kubaki. Lakini kama mama kaona bora nirudi, na wewe umeniletea mpaka kitanda, nitakataa vipi mbele za watu?"

Nikageuka kwa baba yako. "Nassor, wallahi sikuja kwa hilo. Sijui chochote."

"Na kikombe?" akauliza. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita tu.

"Nilikuwa nimeshiba."

Nililisikia neno lile likitoka, na hata mimi lilinitia aibu. Nani atavunja desturi ya watu wote kwa sababu ya mayai matatu?

"Siwezi kumzuia," baba yako akasema. "Kaka yake hakuinywa kahawa yetu, hakuonja chakula cha mama yangu. Kama sisi si watu, achukue amana yake."

Majirani waliotoka msikitini walikuwa wamesimama. Hapo, mwanangu, lilibaki neno moja tu. Kama baba yako angelisema lile neno ambalo mume akishalitoa halirudi kirahisi, basi ingekuwa imekwisha, na mimi ndiye niliyelileta kutoka Salala. Niliogopa siku ile kama sijapata kuogopa.

Babu yako Khalfan ndiye aliyesogea. Akaninyooshea kiganja.

"Nipe ufunguo."

Nikampa. Akazima jenereta, mtaa ukawa kimya, kisha akaniambia mbele ya wote, bila kupandisha sauti.

"Mimi nimeendesha malori Tabora miaka mingi. Nimelala juu ya magunia, nimelala chini ya injini, mvua yote yangu. Lakini nikifika kwa mtu, nilishuka. Gari ni la njiani, baba. Wewe umefika kwangu tangu saa nne, na mpaka sasa hujashuka."

Nikaingia ndani, nikakaa pale pale nilipokaa asubuhi, nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni, "Bi Zuwena, naomba kikombe changu."

Sauti yake ikatoka huko huko jikoni: "Kimeshamwagwa."

Nikaona basi nimekwisha. Babu yako alikuwa ametazama chini, baba yako amesimama mlangoni, nusu ndani nusu nje. Nikasema tena. "Basi naomba chengine. Na chakula, kama kimebaki. Nimekosa, mama."

Alikuja mwenyewe. Akanimiminia, akasimama juu yangu mpaka nikakimaliza. Akanimiminia cha pili na cha tatu. Kisha akaleta sinia lote. "Kimepoa," akasema. Nikamwambia nitakila hivyo hivyo. Nilikula wali baridi na ndizi baridi, na kila nilipopunguza kasi aliniongezea, naye hakutabasamu hata mara moja. Katikati ya kula baba yako akaja akakaa, akanawa, akatia mkono kwenye sinia. Nikajua angalau leo lile neno halitasemwa.

Mama yako alikuwa bado garini. Nilitaka kumwendea, babu yako akanizuia. "Mwache. Atashuka mwenyewe." Alishuka adhana ya magharibi ilipoadhiniwa, akaenda kuswali. Lakini sanduku hakushuka nalo.

Tulilala majlisi siku tatu, na ufunguo uko mfukoni mwa babu yako. Siku tatu hizo, mwanangu, kila mtu alipolipita lango alilitazama lile gari, na kila mtu alijua ndani yake mna sanduku. Mama yako hakulitaja. Baba yako naye hakuuliza, ila nilimwona anatoka, anasimama nje, anarudi.

Siku ya tatu baada ya swala ya Ijumaa, watu wamejaa njiani, babu yako akanirudishia ufunguo. Nilipofungua mlango, baba yako akanipita. Akapanda, akalichukua sanduku la kijani, akalitia begani, akapita nalo mbele ya majirani wote mpaka chumbani kwa mkewe. Asya alilia. Na mimi nililia, nikajifanya najifuta jasho.

Mwaka uliofuata ukazaliwa wewe. Sanduku lile ndilo lililo juu ya kabati la mama yako, lile mnalotilia nguo za Idi. Bibi yako Zuwena, Mungu amrehemu, hakuniachilia mpaka mwisho wa umri wake. Kila nikiingia nyumba ile aliniuliza, "Leo umeshiba?" Nami nikimjibu, "Nna njaa, mama," hata kama nimetoka harusini.

Basi nakuusia, mwanangu. Safiri na gari lako, na njiani, pale pasipo na nyumba, lala humo kwa raha zako. Lakini ukifika kwa watu, shuka. Acha tumbo lako na nafasi. Kikombe cha kwanza kinywe hata kama kahawa yako ni tamu zaidi. Wakikutandikia mkeka, ulalie, na mgongo ukiuma utapoa barabarani. Na neno hilo la kutotaka kumsumbua mtu, lichunguze kabla hujalitoa mdomoni. Mimi nilidhani ni adabu, kumbe ilikuwa kiburi: nilitaka waone kwamba siwahitaji. Nao ni watu walioamka alfajiri kwa ajili yangu.

Nenda, mwanangu, Mungu akufungulie njia na akurudishe salama. Akupe nyumba nyingi za kushukia, na wenye nyumba wanaokungojea kwa hamu. Na uanzie Ghubra, kwa wazazi wako. Mama yako amekwishaweka kahawa.