Siri ya Mikono ya Mashati

Mtu akimweleza jambo, mama huyu hakulitaja jina la mtu huyo popote. Kanuni hiyo aliipata chuoni, katika darasa la jioni la sosholojia, akaishika kama kiapo.

Mchana alikuwa msimamizi katika kiwanda cha mashati. Shemeji yake hakuacha kumtania.

"Yaani shemeji, miaka mitatu yote unasomea umbea?"

"Mmbea hutaja majina, shemeji. Mimi natafuta sababu."

Kwa utafiti wa kumalizia shahada alichagua swali la palepale kazini: kwa nini mashati mabovu yameongezeka maradufu tangu mwaka uanze? Meneja alisema ni uvivu. Yeye akawahoji washonaji arobaini, mmoja mmoja, akiwaandika kwa nambari.

Jumapili moja asubuhi alitandaza karatasi zote sakafuni, akachora nani anakaa wapi na nani alimfundisha nani. Ghafla akaruka.

"Baba watoto, njoo! Njoo uone!"

Mumewe akatoka jikoni mbio, mwiko mkononi. "Wapi? Nyoka?"

"Viti!"

Mwanzoni mwa mwaka meneja aliwahamisha washonaji viti ili wasipige soga. Kumbe washonaji wageni walifundishwa kazi ndani ya soga hiyohiyo! Mzoefu, huku akicheka, aliuchukua mkono wa shati ulioshonwa kombo, akaufumua, akaurudisha umenyooka. Kiwanda kilikataza kugusa kazi ya mwenzako, kwa hiyo kila mmoja alimficha meneja kipande chake cha habari. Ni kwa kuviunganisha vipande arobaini tu ndipo jambo zima lilionekana. Alicheka mpaka machozi yakamtoka. Hiyo ndiyo thamani ya elimu ile: ilipekua mahali ambapo meneja aliona uvivu, ikakuta shule.

Meneja aliisoma ripoti, akafurahi, akarudisha viti. Kisha akamwita.

"Sasa mama, nipe majina ya hao waliokuwa wakifumua. Wamevunja amri ya kiwanda."

"Nina nambari tu, bosi."

"Lakini wenyewe unawajua."

"Nawajua sana."

"Basi sema, au uache funguo hapo mezani."

"Niliwaahidi, bosi."

Akaziweka funguo mezani. Wapo waliomwita mkaidi. Lakini elimu inayomsaliti aliyeichangia si elimu, ni upelelezi.

Chuo kilimpa alama ya juu kabisa. Ahadi ile ilimgharimu kazi aliyoifanya kwa miaka kumi na mmoja.