Sauti Niliyoitoa kwa Jina la Zaina

Juzi nilivunja bua bichi la mahindi shambani, harufu yake ikanipanda puani, nikajikuta nimelibana kati ya meno kama zamani. Sijui kama jambo hili linafaa kuandikwa. Niliishia darasa la saba, na kuandika kwenyewe nabahatisha. Lakini ninyi mnaonisoma nawaona kama tumekaa jiko moja, basi nitasema.

Shuleni kwetu, upande wa Kabuku, mwalimu akichelewa, kiranja aliandika majina ya wapiga kelele. Kiranja wetu alikuwa Zaina, na jina la kwanza lilikuwa langu kila siku. Niseme kweli, siku nyingine nilikuwa naongea. Lakini siku nyingi sikufungua kinywa, na viboko nilikula vilevile.

“Zaina, mbona mimi tu?”

“Kashitaki Handeni, kwa mkuu wa wilaya!” Wenzake wakacheka.

Ndipo gulioni akaja mzee mmoja wa Korogwe, muuza dawa za minyoo, na mwanasesere wa mbao aliyemtukana mbele ya watu. Midomo ya mzee haikutikisika. Watu walipotawanyika nikampa shikamoo, nikamuuliza anafanyaje.

“Bana meno, mjukuu wangu, kazi mwachie ulimi. Na herufi zinazokutanisha midomo zikimbie.”

Nikabana bua mbele ya kipande cha kioo, mwezi mzima. M na B zilinishinda kabisa, nikatafuta neno lisilozihitaji. Nikaiga na sauti ya Zaina, ile ya kupitia puani. Mama akadhani nina jino bovu, akanisukutulisha maji ya chumvi.

Siku yenyewe mwalimu aliingia jasho likimtoka, akatugeuzia mgongo aandike ubaoni.

“Mimi huwa sichelewi,” alisema, “ila leo baiskeli imepata pancha.”

“Uongo!”

Mwalimu akageuka. Mimi nilikuwa nimeinamia daftari, midomo imetulia. Zaina, aliyekaa mbele yangu, alikuwa ameachama kwa mshangao. Hilo ndilo lililomponza.

“Si mimi, mwalimu! Haki ya Mungu!”

“Na huo mdomo wazi?”

Alichapwa, akavuliwa ukiranja. Karatasi ya majina nikapewa mimi, eti kwa utulivu wangu.

Kesho yake darasa zima lilinyamaza kwa woga, nikapeleka karatasi tupu.

“Watoto wote hawa, hata mmoja hakuna? Unawaficha. Nyoosha mkono.”

Nisimwonee mwalimu: sisi tulikuwa wengi, yeye peke yake.

Siku iliyofuata niliandika jina moja tu, Zaina. Hakuwa ameongea. Alinitazama nikiandika.

“Na wewe sasa umejua,” alisema taratibu.

Nilidhani ananitisha. Nimeelewa nikiwa mtu mzima: karatasi tupu ilimletea viboko yeye kabla yangu, akanichagua mimi kwa kuwa sikuwa na kaka wa kumngoja njiani. Nami nilimchagua yeye kwa kuwa hakuwa tena na karatasi. Labda ningeweza kukataa. Labda hata yeye angeweza, sijui.

Lakini nisiwadanganye. Alipoanza kulia nilihesabu viboko kimoyomoyo, na cha mwisho nilikiona kimekuja mapema.